Kundi Ambalo Fundi Mutalemwa Hakuliamini

Mteja akimwambia Fundi Mutalemwa kwamba redio imezima yenyewe, fundi humtazama usoni kwanza, kisha hufungua kifuniko na kutafuta chai iliyomwagikia ndani. Mara nyingi huikuta. Ndivyo alivyofanya kazi katika kibanda chake cha Kashai kwa miaka thelathini na minane, na watu wa Bukoba walimpelekea vitu vyao wakijua kwamba watahojiwa kabla ya kuhudumiwa.

Siku moja ya Machi, mvua ikiwa imeshika tangu asubuhi, aliingia mwalimu wa hisabati aitwaye Nasma, amekumbatia spika ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo baba. Inakwaruza."

"Marahaba. Imeanguka?"

"Haijaanguka."

Fundi alimtazama. Nasma akacheka. "Haya, imeanguka. Mara moja tu."

Fundi alibadilisha waya uliokatika, akamwambia aweke chochote wasikie. Nasma akaweka kaswida kutoka kwenye simu yake. Sauti ilitoka safi. Fundi akaanza kurudishia skrubu moja moja, kaswida ikaisha, na kabla hajafika skrubu ya mwisho kikaanza kitu kingine.

Kilikuwa kinanda kizito, kikinguruma kama kile cha kanisani, ila hakikuwa kikimwomba mtu yeyote asimame wala aketi. Gita likaingia juu yake, likifuatiwa na ngoma. Mguu wa fundi ukaanza kuhesabu sakafuni bila ruhusa yake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Moja tena.

"Zima," alisema. Nasma aliponyoosha mkono akamzuia. "Hapana, acha. Nani hao?"

"Hata sijui kulitamka hili jina. Sju Broar. Inasemekana ni Waswidi. Albamu imetoka mwaka jana."

"Mwaka jana? Uongo huo. Na wewe umewajulia wapi?"

"Siwajui. Simu inaendelea yenyewe. Ikimaliza ulichochagua, inakuletea inachodhani utapenda."

"Inamdhania nani? Wewe au mimi?"

Fundi alikaza skrubu ya mwisho, akamrudishia spika yake, akamsindikiza mpaka mlangoni. Hapo akamwambia: "Hao ni wezi, mwalimu. Wimbo huo nimeusikia mimi kabla wewe hujazaliwa."

Na aliamini hivyo kabisa. Miaka michache baada ya vita vya Kagera, alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa kwao Muleba, alifanya kazi na mhandisi wa Kiswidi aliyeitwa Lennart, aliyekuja kutengeneza pampu za maji za misheni ya Walutheri. Lennart alikuwa mtu wa maneno machache, lakini alikuwa na kaseti. Walipofungua mashine, aliwasha redio-kaseti yake juu ya jiwe, zikatoka nyimbo ndefu zisizo na kiitikio, zinazobadilika katikati kama hali ya hewa. Ni Lennart aliyemfundisha kuhesabu mapigo saba, kwa kugonga bomba na spana. Alipoondoka alimwachia kaseti moja, isiyoandikwa jina. Fundi aliisikiliza mpaka redio ya nyumbani ilipokufa, kisha akahamia mjini, akaoa, na maisha yakamchukua. Hakusikia tena muziki wa namna ile. Wimbo mmoja tu ulimkaa kichwani: kinanda kinapanda ngazi nne, kinasita, kisha kinashuka kwa njia nyingine. Alikuwa akiupiga mluzi kazini miaka yote hiyo.

Sasa ngazi zile nne zilikuwa kwenye simu ya mwalimu.

Nasma alirudi baada ya siku mbili, akamtumia albamu nzima. Naye ilikuwa imemnasa; alisema huisikiliza anaposahihisha mitihani. Fundi alishuku hata hilo. Mwalimu mzima anapata faida gani kumletea nyimbo mzee wa redio? Hata hivyo alizipokea, akarudisha mlango nusu, akasikiliza huku amekunja mikono kifuani kama askari anayesikiliza maelezo ya mtuhumiwa.

Mlango ule nusu ulionwa. Jirani alimweleza mkewe, Edvina, kwamba kuna mwalimu wa kike ambaye spika yake haiponi. Kesho yake mchana Edvina alileta chakula mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mtoto wao Alexander amalize shule. Aliweka bakuli la ebitoke, ndizi za kupikwa, na maharage mezani, akavuta kigoda, akakaa.

"Baba Alexander, kula. Mimi nasubiri vyombo."

Nasma alipotokea, Edvina aliitikia salamu yake taratibu mno, kisha akaomba naye asikie hizo nyimbo. Zikawekwa. Baada ya muda akauliza, "Huyu anaimba au anaumwa?" Baada ya muda mrefu zaidi: "Mbona haiishi?"

"Dakika kumi na tisa, mama," alisema Nasma. "Lakini hesabu sehemu hii. Ni saba, kisha tano, halafu saba tena."

Edvina, aliyekuwa ameimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri maisha yake yote, alihesabu kwa vidole gotini. Alikuta saba. Hakufurahi, ila wivu ulimtoka. Mwanamke aliyekuja kuiba mume asingeleta hesabu.

"Siku hizi hata kompyuta inatunga," alisema badala yake. "Nimesikia kanisani. Unaiambia, inakupa wimbo. Huenda hao watu hawapo kabisa."

Neno hilo lilimwingia fundi. Kuanzia hapo mashtaka yakawa mawili: ama ni wezi, ama hawapo. Alisikiliza tena akitafuta pumzi za mwimbaji, na alipozisikia alijiambia kwamba pumzi nazo zinaweza kutengenezwa. Mwishowe aliamua kutafuta ushahidi. Alifunga kibanda siku ya Alhamisi, akaenda Muleba.

Dada yake mkubwa, Kokubanza, alikuwa akigeuza kahawa juani mbele ya nyumba ya wazazi wao. Alimtazama akija kati ya migomba na hakusimama.

"Umekuja kwa ajili ya kibanja," alisema.

"Nimekuja kutafuta kaseti."

"Kaseti." Kokubanza alipangusa mikono. "Mtu anatoka Bukoba, anafunga kazi yake, anakuja kutafuta kaseti. Mutalemwa, baba alisema shamba hili ni langu mpaka nife."

"Waitu, dada yangu, baki nalo. Sanduku langu la bati liko wapi?"

Hakumwamini. Alimfuata chumba hadi chumba, na sanduku lilipofunguliwa alitangulia kutia mkono, akatoa bahasha ya karatasi za baba yao, akaibana kwapani. Fundi alichimbua chini ya mashati yaliyoliwa na mende mpaka akaipata. Aliinyanyua juu ili dada aone. Kokubanza aliigeuza pande zote mbili, akachungulia ndani ya vitundu vyake.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

Bado alimsindikiza mpaka barabarani, bahasha kwapani.

Kaseti ilikuwa imeoza kidogo upande mmoja. Fundi alihamishia utepe wake kwenye ganda jipya, akaunganisha palipokatika, akasafisha vichwa vya redio-kaseti kwa spiriti. Jumamosi mchana aliwaita Nasma na Edvina wawe mashahidi. Aliweka simu kushoto, kaseti kulia.

"Sikilizeni ngazi nne," alisema.

Kaseti ilizunguka. Kinanda kilikuwepo, na mapigo saba yalikuwepo. Fundi alijikuta ameshika ukingo wa meza, kwa kuwa aliisikia tena spana ya Lennart juu ya bomba. Upande wa kwanza ukaisha. Akageuza. Upande wa pili nao ukaisha.

Ngazi nne hazikuwepo.

Alirudia kaseti nzima. Hakuna aliyemwambia aache. Zilikuwa nyimbo nzuri, za ukoo mmoja na zile za simu, lakini kipande alichokipiga mluzi karibu miaka arobaini hakikuwepo.

"Labda ilikuwa kaseti nyingine," alisema Edvina kwa upole.

"Hakukuwa na nyingine." Alikaa. "Nimeutunga mwenyewe. Nimekuwa nikiupiga na sijui kwamba ni wangu."

Nasma alikuwa akisoma kitu kwenye simu. "Baba, wenyewe wameeleza hapa. Wanasema walilelewa na sahani za santuri za wazazi wao, wanazipenda, wanajaribu kuzijibu. Hawajaficha. Nyote mmelelewa na muziki uleule, mkafika ngazi zilezile."

Fundi aliona aibu, kwa sababu wiki tatu nzima alikuwa amewashtaki watu wasiomjua kwa kuiba kitu ambacho hakikuwa cha Lennart. Lakini shtaka la pili lilikuwa bado. "Basi nionyeshe kwamba wapo."

Nasma alitafuta video ya onyesho, ukumbi mdogo, watu wanne. Walitazama, vichwa vyao vikigusana. Katika sehemu ya saba na tano, kijiti kilimponyoka mpiga ngoma, kikaruka. Alipapasa pembeni akitafuta kingine, akakosa mapigo mawili, na mpiga kinanda akamwangalia kwa hasira kama ya Edvina kwenye mazoezi ya kwaya.

"Hao ni watu," alisema Edvina.

Fundi alicheka mpaka akafuta macho. Siku hiyohiyo alimwomba Nasma awaandikie: kwamba fundi mmoja aliwashuku, sasa anawaomba radhi, na kwamba mpiga ngoma ashike vijiti vyake vizuri.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, mstari mmoja kutoka kwa mpiga kinanda. Nasma alilitafsiri: wameshukuru sana, wamecheka, na wanauliza Bukoba iko wapi.

Fundi alilifikiria swali hilo akiwa amekunja mikono.

"Wanataka kujua ili iweje?"

"Wanauliza tu, baba."

"Waambie iko ziwani," alisema hatimaye. "Mtaa usiwatajie."