Watu Walishahama

Nilirudi Geita kutoka chuo kikuu nikiwa siamini mambo mengi, ila moja sikuwahi kulihoji: kwamba mpira hujenga tabia. Nilimwambia hivyo padri aliyesimamia shule ya misheni nilikoanza kufundisha. Yeye aliona napoteza jioni ambazo wavulana wangepalilia pamba ya shule. Tukakubaliana: tukiwafunga watoto wa shule ya mgodini, jioni ni zetu, tukishindwa, ni za jembe.

Miezi miwili niliwafundisha kutulia. Ukikosea pasi, usitazame chini. Ukifungwa, rudi katikati bila maneno. Walinisikiliza kama walivyosikiliza misa ya Kilatini: kwa adabu.

Siku ya mechi, hadi mapumziko tulikuwa mbele mabao mawili kwa bila. Kipindi cha pili winga wa mgodini, kijana mwembamba, akaanza kuuchezea mpira kwa magoti na kichwa, huku akitikisa mabega. Wala hakuelekea golini. Watazamaji wakacheka, wakazunguka uwanja kumfuata upande wake. Mmoja akapaza sauti kutuambia turudi tukatumikie misa. Hapo wavulana wangu wakalegea. Beki niliyemtegemea akasimama, mikono kiunoni. Niliwapigia kelele, wapi. Likaingia la kwanza, la pili, la tatu.

Baada ya filimbi nilimuuliza kapteni wetu kwa nini waliacha kucheza ilhali tunaongoza.

"Tulikuwa tumeshashindwa, Mwalimu," akasema taratibu, kama anayemwelewesha mgeni. "Watu walishahama."

Nami si mgeni. Nimekulia hapo hapo Geita, ambako kila baada ya mavuno vikundi viwili vya ngoma hucheza kwa wakati mmoja, na anayewavuta watazamaji ndiye mshindi. Hakuna anayehesabu kitu kingine. Nilijua hayo yote. Miezi miwili nikawafundisha kuvumilia kushindwa, nisiwaulize hata mara moja kushindwa ni nini.

Nilitaka kumkasirikia yule kapteni. Lakini kipindi kile cha pili, hata mimi mpira sikuutazama sana. Nilimtazama padri kwenye kiti chake, nione kama bado yuko nasi. Alipoinuka kwenda zake yalikuwa mawili kwa moja, nasi tunaongoza. Hapo nami nikaacha kuwapigia wavulana kelele.

Jumatatu jioni majembe yakagawiwa. Nikachukua langu.