Namba Moja wa Karakana Yetu

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, amekatwa mkono wa kulia kwa sababu ya orodha niliyoiandika mimi kwa chaki.

Nyie mnaopenda hadithi za upelelezi, someni mpaka chini.

Mimi ni seremala. Shule niliacha darasa la sita, lakini kusoma najua. Karakanani tulikuwa watatu: mimi, mpiga vanishi na shemeji. Wenzangu herufi ziliwapiga chenga, kwa hiyo kila mchana, tukishakula, niliwasomea riwaya ya upelelezi. Sura moja kwa siku.

Halafu ubishi. Nani mgumu kuliko wote?

Majibu niliyaandika kwenye mlango wa kabati bovu. Namba tatu, Bi Wembe, aliyemhoji muuaji huku anamenya chungwa. Namba mbili, Mzee Koti, polisi mstaafu, jicho moja, maneno matano kwa siku.

Namba moja, Kachero Gando. Sura ya sita kachomwa kisu begani. Sura ya saba anamvunja mtu taya.

"Na kidonda je?" shemeji aliuliza.

"Kidonda gani? Yule mwanaume, siyo wewe Pamba."

Pamba ndilo jina tulilompa. Nyundo ikimgonga kidole, utasikia "mama yangu!" Siku hiyo mpiga vanishi alinishika bega: "Fundi, mwandike na huyu. Namba mia!"

Nikamwandika. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Na yeye akacheka, ila macho yake hayakucheka.

Jumatatu moja patasi ilimteleza, ikazama kiganjani. Damu ikamwagika kwenye mbao za kitanda cha mteja.

Nilimwona anafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Haya Pamba, tuimbie."

Akaufunga. Akajifunga kiganja kwa kitambaa cha kufutia vanishi, akashika randa, akaendelea na kazi.

"Duh! Jamaa kaingia kumi bora!" mpiga vanishi akapiga kelele.

Nikafuta mia, nikaandika kumi. Mngemwona alivyotabasamu.

Alhamisi mkono ulikuwa umevimba kama mguu. Nikampandisha namba saba.

Jumamosi anatetemeka, jasho linamchuruzika, kitambaa kinanuka. Namba nne.

"Mpeleke hospitali, baba," mke wangu aliniambia nyumbani. "Mdogo wangu anaungua homa."

"Muache awe mwanaume angalau mara moja."

Jumatatu iliyofuata alianguka juu ya maranda, hakuinuka.

Daktari aliufungua mkono, akanitazama mimi, siyo mgonjwa. "Mlikuwa mnasubiri nini?"

Alipozinduka baada ya kukatwa, shemeji aliniita nisogee karibu.

"Shemeji, kwani Gando alifanyaje na lile bega?"

Sasa nawaambia nyie. Mwisho wa sura ya sita kuna kurasa nne. Gando anakimbizwa hospitali saa ile ile. Analia kwa sauti, anamng'ang'ania nesi mkono, anamwomba asimwache. Analazwa wiki tatu.

Kurasa hizo nilizisoma peke yangu. Nilipowasomea wenzangu, niliziruka. Sikutaka namba moja wangu ashuke.

"Alivumilia tu," nikamjibu.

Akafumba macho. "Basi kanizidi."

Mpaka leo sijamwambia. Nimeandika huku mtandaoni kwa sababu yeye hasomi.

Ukimsomea mtu asiyejua kusoma, msomee kurasa zote. Na mtu akifungua mdomo kulia, usimzibe kwa kicheko.

Hesabu yenyewe ni hii. Mkono mmoja, kuanzia chini ya kiwiko. Ufundi wa miaka kumi na moja. Mpiga vanishi kahamia karakana nyingine, tukikutana anaangalia pembeni. Mke wangu yuko kwa mdogo wake, anamfunga vifungo vya shati asubuhi na kumfungua jioni. Kwangu hajakanyaga huu mwezi wa tatu.