Majani Mabichi Juu ya Mlango wa Kanisa

Siku yangu ya kwanza kufundisha chuo kikuu hapa Brussels, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Mkuu wa Idara alinipokea mlangoni, koti langu bado liko mkononi. "Madame, somo lako ni mashairi ya Kiingereza ya zama za kati, yale ya mashujaa wapanda farasi," alisema. "Wanafunzi watatafuta mapenzi na mapanga. Wewe wafundishe kutazama." Nimewafundisha mpaka nikastaafu, na nasema bila haya kwamba somo lile nililimudu barabara.

Kutazama ndiyo kazi yenyewe. Ngao ya shujaa ina nembo, alama inayotangaza imani yake: msalaba, nyota, sura ya Bikira Maria. Lakini shujaa huyohuyo akiingia msituni hukuta chemchemi yenye mlinzi, au mti uliobaki kijani kwenye theluji. Hayo ni mabaki ya upagani, yaani ibada za kabla ya Injili. Washairi hawakuyafukuza, waliyapa kazi mpya.

Nilipokuwa Mhadhiri Mwandamizi nilipata mwanafunzi hodari, Rachel, mzaliwa wa Lubumbashi. Baba yake, mchungaji wa kanisa dogo la Wakongo, akataka kumwachisha somo langu. Sikuwahi kufundisha mtoto mwenye jicho kama lake, na niliogopa kumpoteza. Desemba ile nikamfuata mzee kanisani kwake, mtaa wa Laeken.

"Maman, unafundisha mutoto wangu mambo ya mapagani," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao, kilichochanganyika na Kifaransa. "Bon, mimi ni pasteur. Donc bakristo bangu batasema nini?"

Nikamwonyesha majani mabichi waliyotundika juu ya mlango kwa ajili ya Noeli. Nikamweleza kwamba watu wa huku walikuwa wakiyaingiza nyumbani kabla hawajalisikia jina la Yesu, kwa kuwa hayafi wakati wa baridi. Wakristo waliyachukua, wakayapa maana ya uzima wa milele.

Akainua macho, akayatazama. "Alors, tuyatoe?"

"Hapana, pasta. Yaacheni. Mjue tu yalikotoka."

Nikarudi nyumbani roho juu. Wiki iliyofuata Rachel alikuwa kitini pake.

Sasa nimestaafu. Magoti yanauma, vitabu nimevigawa, na sifa nilizomwagiwa siku ya kuagwa nilizipokea zote, maana nilizitolea jasho. Somo langu analifundisha Rachel. Jumapili moja nilikwenda kusali kwao. Mchungaji alikuwa na wageni, akawaonyesha binti yake aliyekaa safu ya mbele.

"Ule ni mutoto wangu," aliwaambia, kifua mbele. "Ye ni professeur wa mapagani."