Cherehani Kinachoumwa Mgongo

Ngatiman alikuwa fundi wa vyerehani katika kiwanda chetu cha nguo, nje kidogo ya mji wa Salatiga, na sijamwona mwanamume mwingine aliyetukanwa na wanawake wengi hivyo akabaki anacheka. Sindano ikivunjika: "We Man! Umelala?" Uzi ukikatika: "Man, njoo, mke wako wa pili huyu analia!" Naye anakuja mbio na kopo lake la mafuta, anainamisha sikio, anasikiliza, kisha anagusa skrubu moja tu.

Msimamizi wa kundi letu alipostaafu, kila mtu alijua zamu ni yangu. Nusu ya wale wanawake nimewafundisha mimi kugeuza ukosi wa shati. Lakini mimi ni mwanamke, tena sina cheti, basi cheo akapewa Ngatiman. Sikulia. Nilikula tempe yangu ya mchana, soya laini ya kukaanga, nikaitafuna kana kwamba ni mfupa.

Kesho yake Man akawa Pak Ngatiman, yaani Bwana Ngatiman. Wanawake walewale wakaanza kumsemesha Kijawa chetu cha heshima, macho chini, na kila alichouliza wakajibu, "Inggih, Pak." Hiyo ndiyo "ndiyo" yetu ya adabu. Mkubwa hupewa hiyo hata kama mioyo yetu imejaa hapana.

"Mashati yatakwisha Ijumaa?"

"Inggih, Pak."

Ijumaa ikafika, mashati hayakwisha. Meneja akaja na uso wa siki. "Ijumaa ijayo mkichelewa tena, kundi hili nalivunja. Kila mtu atakwenda kwake."

Tulikuwa tumekaa bega kwa bega tangu usichana wetu. Mchana ule nikamkuta Pak Ngatiman amelala chini ya cherehani kizima kabisa, anakifungua.

"Toka huko, we Man! Msimamizi haongozi watu kwa nyayo."

"Yu Parti," akajibu hukohuko chini, maana hata baada ya cheo aliendelea kuniita dada, "huku tunaelewana. Hivi vikiharibika vinapiga kelele."

"Sisi tukiharibika tunasema inggih."

Akatoka, ana grisi puani. Akanitazama, kisha akaanza kucheka peke yake.

Jumatatu akaja na kopo lake la zamani la mafuta. Akasimama mbele ya mwenzetu Lastri, akainamisha sikio kwenye cherehani chake.

"Hiki kina shida gani?"

Lastri akasita. Kumlalamikia mkubwa ni kukosa adabu, lakini kukisemea cherehani si kosa.

"Kinaumwa mgongo, Pak. Kiti chake kifupi."

"Na hiki?" akamwuliza wa pembeni yake.

"Hiki kina mtoto mwenye homa. Hakijalala."

"Changu kina mama mkwe!" akapaza sauti Ginem, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Wanne wakasema vyao vinaona haya kuuliza ukosi wa shati jipya unageuzwaje. Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa hapo.

"Yu Parti, vifundishe hivi," akasema.

Nikavifundisha. Lastri akapata kiti kirefu. Mwenye mtoto akaruhusiwa kwenda nyumbani, kazi yake tukagawana. Ginem tu ndiye aliyebaki na mama mkwe wake.

Mimi alinifikia mwisho. "Na chako, Yu?"

"Changu kilinyimwa cheo."

Akaweka sikio kwenye cherehani changu, akasikiliza kuliko alivyosikiliza vyote.

"Hiyo sina spana yake, Yu. Lakini nitaitafuta."

Ijumaa mashati yakapakiwa jua likiwa bado juu. Meneja akayageuzageuza, hakuona kasoro, akaenda zake, nasi tukabaki bega kwa bega.

Hadi leo, kila asubuhi anapopita na kopo lake, Pak Ngatiman husimama kwangu na kuninong'oneza, "Bado naitafuta, Yu."

Nami nainamisha macho kwa adabu zangu zote, namjibu, "Inggih, Pak."