Steringi wa Nkowe aliyemuuliza adui kama amekula

Wakuu, hamjambo humu ndani. Leo nawaletea la kwangu mwenyewe, chumvi sijatia, na shemeji yenu kakaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika ili nisimwonee.

Mimi ni binti wa Nkowe, Ruangwa. Mmwera kabisa. Naishi Dar.

Utotoni kwetu starehe ilikuwa moja tu, banda la video. Madirisha yamezibwa na magunia ya korosho, jenereta inanguruma nyuma, joto usiseme. Wasichana tulikuwa haturuhusiwi. Mimi niliingia kwa sababu aliyekuwa anatafsiri sinema ni kaka yangu, Bakari.

Sasa Bakari, nawaambia ukweli, Kiingereza hajui. Kichina ndiyo kabisaaa. Anazima sauti ya mkanda, anashika maiki, anatunga.

Kila steringi, yaani shujaa wa sinema, alikuwa mtu wa Nkowe. Kila adui katoka Nachingwea, kwa majirani zetu.

Na steringi wake harushi ngumi kabla ya kusema, kwa lafudhi yetu ya Kimwera, "Karibu, nkubwa. Umekula? Kaa ule kwanza, ntu hapigani na njaa."

Banda zima linalipuka. Na mimi niliamini kabisa kwamba Wachina ndivyo wanavyopigana.

Nikaenda sekondari ya bweni Nachingwea. Jumamosi moja tunawekewa sinema niliyoiona kwa Bakari, mtafsiri wa pale steringi wake ni mtu wa Nachingwea, na adui, jamani, anatoka Ruangwa! Nikasimama nikabisha. Kijana mmoja akanijibu. Tulibishana mpaka tukatolewa nje wote wawili.

Ndiye huyu shemeji yenu.

Haya, turudi kwenye mada.

Likizo iliyopita tulimpeleka binti yetu Rehema kwa mama yangu, Nkowe. Rehema anasoma English medium. Tumefika tu, mama akamwita, "Ntoto wewe, njoo unisalimie."

Rehema akacheka, akamgeukia baba yake. "Dad, bibi hajui kusema mtoto."

Mama alisikia. Hakugomba. Kuanzia hapo akimtaka mjukuu ananituma mimi. "Nwambie chakula tayari."

Wakuu, iliniuma. Mama yangu ni muongeaji, Nkowe nzima inamjua kwa mdomo wake. Leo anaogopa kufungua mdomo nyumbani kwake mwenyewe! Nikajua tukiondoka hivi, Rehema hatakuja kupaita hapa kwao.

Jioni moja Rehema anaangalia katuni ya Kiingereza. Dubu anagombana na mbwa mwitu. Mama yuko kwenye mkeka anachambua mbaazi, haelewi hata neno.

Nikachukua rimoti, nikaua sauti.

"Mum!"

Nikaanza, sauti ya Bakari ileile. Dubu nikampa uraia wa Nkowe. Mbwa mwitu nikamtoa Nachingwea. Shemeji yenu akadakia huko nyuma, "Mwongo huyo, mbwa mwitu ni wa Ruangwa!" Rehema akaanza kucheka.

Mbwa mwitu akamrukia dubu. Sijafungua mdomo, nikasikia kutoka kwenye mkeka, mtu hata hajainua macho kwenye mbaazi zake:

"Karibu, nkubwa. Umekula? Kaa ule kwanza, ntu hapigani na njaa."

Sauti ileile. Madaha yaleyale.

Nikamuuliza, "Mama, wewe si ulikuwa unasema banda ni la wahuni? Hayo umeyajulia wapi?"

Akasonya. "Niyajulie wapi? Bakari akipigana na wenzake hapa uani, nani alikuwa anawaambia hivyo? Nwanangu alikuwa ananiiga mimi, nyie mnanshangilia yeye."

Jamani.

Miaka yote hiyo steringi wa utoto wangu alikuwa mama yangu! Nilijawa na fahari mpaka machozi yakanitoka.

Rehema alishahamia mkekani. "Bibi, sema tena ile ya ntu."

Akasema tena. Na tena. Mpaka siku tunaondoka rimoti ilikuwa mkononi kwa mama, na mdomo umerudi wote, hadi tukawa tunaomba apumzike.

Nilichojifunza wakuu, vile vitu vya zamani tunavyovikumbuka na kutamba navyo, tunadhani tuliviokota kwenye skrini. Vingine vilitoka uani kwetu. Lafudhi yangu niliyokuwa naibana ofisini siibani tena, maana steringi aliongea hivyohivyo.

Juzi hapa mtaani watoto wanacheza vita. Mmoja kamwinulia Rehema fimbo. Nachungulia dirishani, nataka nitoke nikaamue, namsikia binti yangu:

"Karibu, nkubwa. Umekula?"

Yule mtoto akabaki na fimbo yake juu. Akafikiri. "Bado."

Wakaingia ndani wote, ikabidi nisonge ugali mwingine.

Haya, na nyie semeni, kwenye banda lenu adui alikuwa anatoka wapi? Watu wa Nachingwea mnaruhusiwa kubisha, ila mje mmekula.