Kisu Kilichofutwa kwa Khanga

Kisu changu ni cha kukunja. Makali yake yamepinda kama ukucha wa jogoo, mpini ni wa mti, na ukikifungua kinalia ta. Nilikipata zamani, tulipokuwa kikundi cha akina mama hapa Makote na bwana shamba akaja kutufundisha kubebesha miche ya mikorosho. Kila mmoja alipewa kisu kama hicho, cha kuchania shina dogo na kupachika kikonyo cha mkorosho mwingine. Wenzangu vyao vimepotea au vimeliwa na kutu. Changu kimekaa kwenye pindo la khanga miaka yote hiyo.

Nakatia kila kitu. Ule mpindo unafaa, makali yanajivuta yenyewe kuja kwako. Muhogo nauchana ganda mstari mmoja, kisha nalivua lote kwa mara moja. Sabuni ya mche naigawa vipande. Kamba ya gunia, uzi wa nguo, mfuniko wa dumu uliogoma. Korosho iliyong'ang'ania bibo, lile tunda lake, wengine wanainyonga kwa mkono, mimi naikata, maana nyama ikibaki inaoza na kuharibu korosho. Kucha zangu za miguu, kisu hicho hicho. Binti yangu alikuwa akisema, "Mama, kisu kimoja hakiwezi kuwa cha kucha na cha embe." Namjibu kinaoshwa. Na kweli kinaoshwa, maji yakiwepo.

Huyo binti anaishi Masasi, pale Mkomaindo karibu na hospitali, anauza chai na vitumbua. Mwanawe wa kike, wa darasa la pili, naishi naye mimi tangu alipoacha kunyonya. Mimi namwita mke mwenzangu, yeye ananiita bibi mbele za watu, na tukiwa wawili ananiita mke mkubwa. Mwaka juzi nilisahau sufuria ya maharage motoni mpaka ikatoboka. Mama yake alipopata habari alinipigia simu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, siku utakayosahau kitu kikamdhuru mtoto, nitakuja kumchukua." Neno lile lilinikaa. Tangu siku ile nilikuwa nikitoka jikoni narudi tena kutazama jiko. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Usiniulize mara ngapi.

Basi ilikuwa msimu wa korosho, ule wakati ambao maembe nayo yameanza kuiva. Mvua ilikuwa bado. Kisima cha nyumbani kwetu, cha maji ya mvua yatokayo batini, kilikuwa kimebaki tope, na bomba lilikuwa na wiki ya pili halijatoa hata upepo. Madumu mawili ya maji niliyonunua kwenye kisima cha kijiji yalikuwa ya kunywa na kupikia. Asubuhi hiyo nilipasua korosho mbichi za mboga. Anayejua kazi hiyo anajua: ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza. Unajipaka majivu mikononi, unapasua, unachokoa mbegu, unaiosha. Na kisu unakisugua kwa majivu, unakiosha kwa maji na sabuni. Mimi nimewafundisha hivyo wasichana wangapi hapa kijijini.

Siku hiyo nilitazama dumu, nikatazama kisu. Nikakifuta kwa ncha ya khanga, nikakikunja. Nilijiambia nitakiosha baadaye.

Mchana mtoto akarudi shule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona uso umejaa vumbi, umetambaa?"

"Bibi, kuna embe?"

Kulikuwa na maembe matatu niliyonunua sokoni Newala. Nikatoa kisu kwenye pindo, ta, nikamkatia vipande na maganda yake. Akavila akivuta nyama kwa meno, akalamba ganda, akalamba na vidole. Nilikuwa nimesimama juu yake nikimharakisha, maana korosho zilikuwa juani na mbuzi wa jirani hana adabu.

Asubuhi yake aliamka midomo imevimba. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na malengelenge, na shavuni mstari mwekundu kama amechorwa. Nikamshika kidevu nikamgeuza kwenye mwanga. Halafu nikatazama khanga yangu iliyokuwa kwenye kamba. Pale kwenye ncha palikuwa na doa la kahawia, doa la mafuta ya korosho, halitoki hata ufue na nini. Nilijua papo hapo. Sitaki kusema nilikisia. Nilijua.

Jirani yangu akaingia wakati ule ule, alikuja kuomba kaa la moto. Ni mwanamke mpole lakini mdomo wake hauna kizuizi. Ana mwembe mkubwa nyuma ya nyumba yake.

"Eh, huyu amefanyaje?"

Nikasema, "Maembe. Ameyauma na utomvu wake."

Na utomvu wa embe nao unaunguza, kila mtu anajua, kwa hiyo neno likapita laini. Jirani akacheka. "Basi ni yangu hayo. Ndiyo maana naona mangapi yameangushwa mabichi. Kumbe panya wangu ana miguu miwili."

Mtoto akasema, kwa ule mdomo uliovimba, "Mimi sikula maembe ya watu. Bibi ndiye alinikatia."

Nikamwambia, "Nyamaza."

Ni neno hilo moja tu nililosema. Nikampa jirani kaa lake akaenda.

Nikampeleka zahanati. Muuguzi akauliza amekula nini, nikasema embe. Akatupa dawa ya kupaka. Njiani mtoto hakunishika mkono. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, tembea upesi, jua linapanda." Akapunguza mwendo, akabaki nyuma.

Siku zilizofuata sikukaa. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Nilikwenda shamba la mbali, nikafika, nikarudi bila kuokota korosho hata ya kujaza kopo. Kisu nilikisugua kwa majivu, nikakiosha kwa maji ya kunywa, nikakisugua tena. Nikikaa nakifungua na kukifunga, ta, ta, mpaka mtoto akasema, "Bibi, kelele." Kila simu ilipolia niliiacha kidogo kabla ya kuipokea. Nilikuwa nikijiambia malengelenge yatakauka, na yakikauka na maneno yatakauka. Yalikauka malengelenge.

Shuleni walishampa jina. Siku moja niliwasikia wenzake wakipita barabarani, wanaimba kabisa, "Mwizi wa maembe, mdomo wa bata." Yeye alikuwa nyuma yao, hatua kama ishirini, anatazama chini. Alipofika nyumbani nilimuuliza wanasemaje. Akajibu, "Si wanasema ulivyosema wewe."

Nilitaka kumchapa. Nilinyanyua mkono kabisa. Nikauteremshia kwenye ufagio.

Jirani ndiye aliyempigia simu binti yangu. Hakuwa na ubaya, alitaka kumwambia kwa utani kwamba mwanawe anamlia maembe. Jumamosi binti akapanda gari kutoka Masasi. Alimtazama mtoto mdomo, akatazama na ndani, akasema twende wote Mkomaindo, daktari amtazame, na mimi nipumzike siku mbili. Ile kupumzika niliisikia vibaya.

Daktari alisema kidonda kinapona, hakitaacha alama kubwa. Tukarudi nyumbani kwa binti. Ni vyumba viwili, na kiti kimoja kizuri ambacho anamkalisha mgeni. Nikakalishwa. Nikasimama. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nikachungulia barabarani, watu wanapita kwenda hospitali na vyakula vya wagonjwa, nikarudi ndani.

"Mama, kaa," binti akasema. "Unanizungusha kichwa."

"Kiti chako kina joto."

Alikuwa akikanda unga wa vitumbua. Mtoto alikuwa karibu naye, ananyoosha mkono kuonja sukari. Mama yake akampiga kidogo kwenye vidole. "Hiyo tabia ndiyo iliyokuunguza. Kuchukua vya watu. Nani amekufundisha? Kwa bibi yako hakuna embe mpaka ukaangushe ya jirani?"

Mtoto hakusema kitu. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Kule Makote alisema nikamnyamazisha, na sasa amejifunza kunyamaza.

Nikasema, "Hakuchukua cha mtu. Ni kisu changu. Nilipasulia korosho mbichi, nikakifuta kwa khanga, nikamkatia embe. Embe lilikuwa langu la kununua."

Binti akaacha kukanda. Mikono yake ilikuwa imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Ulisahau?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, nami niliuona. Ningesema nilisahau, ningekuwa bibi kizee wa kuhurumiwa. Nikasema, "Kukiosha sikusahau. Niliona maji ni machache. Wakati wa kumkatia ndipo niliposahau kuwa hakijaoshwa. Lakini asubuhi yake nilipoona mdomo nilijua."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na jirani aliposema mwanangu mwizi?"

"Nilikaa kimya."

"Kwa nini, mama?"

"Ulisema utamchukua."

Alinawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja, kama daktari. Mtoto alikuwa akitutazama sisi wawili kwa zamu. Binti akasema, "Mambo ya kisu ningeyameza. Sisi sote wewe umetuunguza na korosho, kaka yangu ana kovu mpaka leo, na hatukufa. Lakini kumwacha mtoto wa miaka minane abebe aibu yako shuleni, hilo siwezi kulimeza. Atabaki hapa."

Sikubishana. Mtu mkubwa akishikwa na kosa lake, kelele hazimsaidii. Nikamgeukia mtoto. Kwetu mtu mzima hamwombi mtoto radhi hivi hivi, atamnunulia kitu, au atampakulia minofu miwili, na mtoto ataelewa. Mimi sikuwa na minofu. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, nilikukosea. Nisamehe."

Akafikiri. Akauliza, "Umewaambia?"

"Nani?"

"Mama mwenye mwembe. Na mwalimu. Na wale wote."

"Nimemwambia mama yako."

"Mama hasomi shule yetu," akasema. "Mimi sirudi kule kuitwa bata. Ukiwaambia wote, nitarudi."

Binti yangu akatazama pembeni, nadhani alikuwa anaficha kicheko, ila hasira yake ilikuwa bado. "Umesikia masharti," akasema. "Na mimi nayaunga mkono. Akitaka yeye mwenyewe kurudi, sitamzuia. Asipotaka, usinipigie simu ya kulia."

Nilirudi Makote peke yangu. Nyumba ilikuwa vile vile, nami nikazunguka ndani yake kama niliyepoteza kitu. Nilifika kwenye ua wa jirani mara mbili nikapitiliza, mara ya kwanza nikijifanya natafuta kuku. Ya tatu akaniita mwenyewe.

"Jirani, unapima uwanja wangu?"

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Maneno yalikuwa machache: mtoto hakugusa embe lako, kisu changu kilikuwa na mafuta ya korosho, mimi nilijua nikakuacha useme. Akageuka akautazama mwembe wake.

"Sasa maembe yangu nani anayaangusha?"

"Sijui. Labda popo."

"Na mimi nimeshawaambia watu wote wa kisima cha kijiji," akasema. "Umeniweka pabaya, dada. Nitaonekana msengenyaji."

Nikamwomba twende wote kisimani jioni, yeye aseme lake na mimi niseme langu. Tukaenda. Wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo zao, hawakuwa na pa kwenda, kwa hiyo walisikiliza. Mmoja akacheka akasema, "Bibi, na wewe unayetupigia kelele tuoshe visu." Nikamwambia ndiyo, mimi huyo huyo. Mwingine akataka kujua nilikifuta kwa khanga ipi, kama vile hilo lingemsaidia. Nikamwonyesha doa.

Mwalimu ndiye aliyekuwa mgumu, maana yeye alinikuta nimefika kabla ya kengele, akadhani nimeleta malalamiko, akaanza kujitetea. Nikamwomba anipe dakika mbele ya darasa. Watoto arobaini na kitu wakasimama. "Shikamoo bibi." Nimezaa, nimezika, nimesimama mbele ya watu msibani na harusini, lakini siku hiyo nilishika ukingo wa meza ya mwalimu. Nikawaambia mwenzenu si mwizi. Nikawaambia aliyekosea ni mimi, na atakayeimba ule wimbo tena aje auimbe nyumbani kwangu. Mtoto mmoja wa mbele akauliza, "Bibi, ulichapwa?" Mwalimu akakohoa. Nikamwambia nilichapwa kwa maneno.

Nilipiga simu Mkomaindo mchana huo huo. Binti akapokea, akampa mtoto bila kuongea nami.

"Nimewaambia."

"Wote?"

"Jirani, kisimani, mwalimu na darasa zima."

"Yule wa mbele alisema nini? Yule mwenye pengo."

"Aliuliza kama nilichapwa."

Akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake wiki tatu. Kisha nikamsikia akinong'onezana na mama yake, akarudi kwenye simu.

"Mama anasema nije Jumamosi. Lakini anasema amenunua kisu kingine, kidogo, cha matunda. Nije nacho, kikae kwenye mfuko wangu mimi, na wewe usikiguse."

Nikamwambia aje nacho.