Bahati ya Mama wa Mapacha

Siku hizi kila mtu ana bahati mdomoni. Ukipata kiti kwenye basi, bahati. Gari likikukosakosa, bahati. Mimi nikilisikia neno hilo moyo unanichoma, na wala sifichi.

Maana yake nilifundishwa Mbeya, miaka ya hamsini, nilipojifungua mapacha, wote wa kiume. Kwetu Wanyakyusa, enzi zile, mapacha walikuwa jambo la kutisha. Mama yao hafiki mtoni, hasalimiani na ndugu, hatoki ndani mpaka mganga awafanyie dawa yeye na baba wa watoto kwa pamoja. Na baba yao alikuwa Iringa, kwenye kibarua cha barabara. Mama mkwe alikuwa akiniletea chakula, anakiweka nje ya mlango, anageuza uso, anaondoka.

Aliyeingia ni jirani yetu, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani.

"Mashaallah! Mwanangu, una bahati weye!"

Nikamwambia atoke, atadhurika. Akacheka, akaketi kitandani. Mumewe alikuwa mwalimu wa chuoni, akisomesha watoto Kurani, kwa hiyo alijua maneno yalikotoka. Bahati, alisema, tumeipata kwa Waarabu, na Waarabu waliitoa kwa Waajemi, na huko mwanzo maana yake ilikuwa fungu, sehemu uliyogawiwa.

"Wenzio hugawiwa mmoja, wewe wawili. Shukuru."

Wiki ya tatu yule mdogo akaanza kuhema kwa shida. Jirani akasema twende hospitali, sasa hivi. Nami, mjinga mimi, nikakataa. Niliogopa nikikanyaga njia kabla ya dawa nitaudhuru ukoo mzima. Mume wangu alishapelekewa habari, nikasema tungoje, leo au kesho atashuka kwenye lori.

"Basi nipe mimi mtoto!" akafoka.

Sikumpa. Jamani, sikumpa.

Mume wangu alifika siku ya tatu, asubuhi. Mtoto alikuwa amekata roho alfajiri ile, mapajani mwangu.

Dawa ikafanywa hivyo hivyo, mlango ukafunguliwa, watu wakajaa. Mama mkwe akaingia, akampakata aliyebaki, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nijifungue.

"Una bahati, mwanangu. Mmoja umeachiwa."

Wenzake wakaitikia. Nilitamani kuwafukuza wote, yeye wa kwanza. Bahati gani? Niligawiwa wawili! Yule mdogo hakuna mtu aliyeninyang'anya, nilimng'ang'ania mwenyewe kwa mikono hii mpaka akanifia.

Mtoto akalia njaa, wakanirudishia. Nikampa titi la kulia. La kushoto nalo likaanza kutiririka lenyewe, likalowesha kanga.